Koplo, Msonobari na Kuvu ya Mizizini

Katika jalada moja la kambi ambayo hatutaitaja jina imo taarifa ya kurasa mbili tuliyoiandika sisi wenyewe mwaka 2014, siku zile tulipokuwa tumetoka chuo cha makadeti si muda mrefu, na nyota za mabegani zingali mpya. Taarifa hiyo yasema kwamba miche 600 ya misonobari iliyooteshwa katika kitalu cha kikosi imedhoofika kwa sababu ya uzembe wa koplo aliyekabidhiwa kuitunza. Tuliiandika kwa lugha safi, tukaitia sahihi, tukaipeleka kwa mkuu wa kikosi. Yote tuliyoyaandika juu ya hali ya miche yalikuwa kweli. Tuliyoyaandika juu ya koplo hayakuwa kweli, na nusura yamvue utepe wake.

Makala haya yahusu miche ile na kitu kilichokosekana mizizini mwake. Tumeona vema kuwaeleza askari na polisi jambo hili kwa kuwa vikosi vingi siku hizi vina vitalu na mashamba ya miti, na kwa kuwa maelezo yake, ingawa yamo vitabuni tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hayakuwa yamefika katika kambi yetu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kikosi kilikusudia kupanda msitu mdogo wa mbao na nguzo nyuma ya uwanja wa gwaride. Zililetwa mbegu za aina mbili: misonobari, na misaipresi, ile ambayo watu wengi huiita miti ya Krismasi. Koplo alijaza viriba udongo mwekundu uliochimbwa ukingoni mwa barabara mpya, akapanda mbegu, akaezeka kivuli cha nyasi juu yake. Upande wa kushoto wa njia ilikaa misonobari, upande wa kulia misaipresi. Zote ziliota vizuri, hata wageni wakapelekwa kuziona.

Mwezi wa tatu mambo yaligeuka. Misaipresi ilikuwa imefika shubiri nzima na inanukia. Misonobari ilikuwa haijapita urefu wa kidole. Sindano zake ziligeuka manjano, kisha ncha zikawa za zambarau kama mtu aliyepigwa na baridi. Baadhi ilianza kufa. Tulipotumwa kuchunguza, tulimwita koplo atoe maelezo. Akasimama wima, akasema: "Afande, nimeimwagilia asubuhi na jioni. Maji ni yale yale na mkono ni huu huu. Itazame misaipresi."

Maneno hayo tuliyasikia kama udhuru wa mkosaji. Leo tukiyafikiri twaona kwamba yalikuwa ushahidi kamili, wenye upande wa pili wa kulinganisha, kama ambavyo mpelelezi mzuri angetaka. Kitalu kimoja, maji mamoja, udongo mmoja, mtunzaji mmoja, na bado aina moja ya mti yashiba na nyingine yafa njaa. Swali lilipaswa kuwa juu ya miti. Sisi tukaliuliza juu ya mtu.

Aliyetufumbua macho alikuwa mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya vitalu vya misitu kwa miaka mingi, ambaye siku hiyo alikuja kambini kumtembelea mwanawe. Alipita kando ya kitalu, akasimama, akaomba ruhusa ya kung'oa mche mmoja. Akauosha mizizi yake ndani ya kikombe cha maji, akautazama kitambo. Kisha akasema, "Wanangu, huyu ana njaa. Mmemleta askari vitani, mpishi wake mmemwacha kwao."

Mpishi huyo ni kuvu. Sote twaijua kuvu kwa sura yake ya nje, yaani uyoga uchipukao baada ya mvua, au ukungu uotao juu ya mkate wa jana. Lakini uyoga ni kama tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu ni nyuzi nyeupe nyembamba mno zinazotambaa gizani ndani ya udongo. Uzi mmoja una unene wa elfu chache tu za milimita, hata unywele mmoja wa kichwa hulingana na nyuzi kumi au zaidi zilizolazwa ubavu kwa ubavu.

Ukiuchimba mzizi wa msonobari wenye afya, ukauosha taratibu, utaona kwamba vijizizi vyake vya mwisho ni vifupi na vinene kidogo, na vingi vimegawanyika ncha kama herufi Y. Unene huo si wa mzizi peke yake. Ni koti la kuvu lililouvika mzizi kutoka ncha hadi shina lake. Ndani ya koti, nyuzi hupenya katikati ya chembe za ngozi ya mzizi pasipo kuzitoboa, zikafanya wavu mwembamba. Na wavu huo hata leo huitwa wavu wa Hartig, kwa jina la Mjerumani Theodor Hartig aliyeuchunguza katika karne ya 19. Nje ya koti, nyuzi nyingine huenea udongoni pande zote. Muungano huu wa kuvu na mzizi wataalamu huuita mikoriza, neno lililotokana na Kiyunani, maana yake kuvu-mzizi.

Aliyelitunga neno hilo ni Albert Bernhard Frank, profesa wa Berlin, mwaka 1885, na kisa chake kina mzaha ndani yake. Serikali ya Prussia ilimwagiza atafute njia ya kulima trufo, uyoga wa bei ghali uotao chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti. Frank hakufanikiwa kumlimia mtu trufo, lakini alipoichimba mizizi aliona kwamba miti mingi ya misituni, misonobari ikiwamo, imevikwa kuvu, na haionekani kuugua kwa hilo. Akasema kuvu ile humlisha mti. Wenzake wengi walimpinga, maana kwa kawaida ya siku hizo kuvu ilihesabiwa kuwa mwizi au muuaji. Frank akapanda miche ya msonobari katika udongo wa msitu wa aina mbili, mmoja wa kawaida na mwingine uliopashwa moto hata kila kiumbe ndani yake kikafa. Miche ya udongo uliopashwa moto ilidumaa. Koplo wetu alikuwa amerudia jaribio hilo bila kujua, kwa udongo wa ukingo wa barabara.

Hapa yafaa tukae kidogo, tueleze jinsi kazi hii inavyofanyika, kwa kuwa msomaji aweza kuuliza: mti una mizizi yake, wahitaji mpishi kwa nini?

Chukua fosforasi, kirutubisho ambacho pasipo hicho mmea hauwezi kukua. Katika udongo mwekundu wa nchi zetu fosforasi ipo, lakini hushikana na chuma na alumini kama mfungwa aliyetiwa pingu. Haitembei. Mzizi ukishanyonya ile kidogo iliyo huru karibu yake, katika milimita chache tu, hubaki umezungukwa na eneo tupu, na nyingine haiji mbio kujaza nafasi. Mti ungelazimika kuotesha mizizi mipya kila siku kufuata akiba iliyo mbali, na mzizi ni kitu cha gharama kuujenga. Uzi wa kuvu ni wa bei nafuu. Huvuka eneo lile tupu, huingia katika nyufa za mchanga na mawe ambazo mzizi hauwezi hata kuzigusa, hutoa asidi inayolegeza pingu zile, kisha hurudisha mali nyuma hadi mzizini. Ni ugavi wa jeshi kwa maana yake kamili, wenye njia ndefu, vituo vya mbele, na bohari moja nyuma.

Kwao misonobari, yaani katika misitu ya kaskazini ya Uswidi, Ufini, Urusi na Kanada, shida kubwa huwa ni naitrojeni. Sindano zinazoanguka ni ngumu na chachu, ardhi ni baridi muda mwingi wa mwaka, na takataka za msitu huoza polepole mno. Naitrojeni imo tele ndani ya takataka hizo, lakini imefungiwa katika mabaki ya mimea na wadudu ambayo mzizi peke yake hawezi kuyamega. Kuvu hutoa vimeng'enya vinavyoyamega. Ndiyo sababu mtu akitembea chini ya misonobari ya huko, akafunua tabaka la sindano kwa kidole, hukuta nyuzi nyeupe zimeshona kila kitu kama uzi wa fundi cherehani.

Hayo yalithibitishwa kwa namna ambayo hata mwenye shaka alinyamaza. Mwaka 1950 Elias Melin na mwenzake Nilsson, huko Uppsala nchini Uswidi, waliipa kuvu fosforasi yenye mionzi, mahali ambapo nyuzi zake tu ziliweza kufika na mizizi haikufika. Kisha wakapima miche ya msonobari iliyounganishwa na kuvu hiyo. Mionzi ilikutwa ndani ya miche. Mali ilikuwa imesafiri kwa njia ya kuvu, haikuwa na njia nyingine.

Mpishi naye hafanyi kazi bure. Kuvu haina majani mabichi, haiwezi kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua, basi mti huilipa sukari. Kiasi gani? Makadirio hutofautiana, na mengi hufikia sehemu moja kwa tano ya sukari yote ambayo mti umeitengeneza. Mwaka 2001 Peter Högberg na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kaskazini mwa Uswidi: waliondoa gamba la misonobari kuzunguka shina, ili sukari itokayo majanini isiweze kushuka mizizini. Udongo hupumua, yaani hutoa hewa ya ukaa kutokana na mizizi na viumbe vilivyomo. Katika siku 5 pumzi hiyo ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na katika mwezi mmoja au miwili ikapungua kwa zaidi ya nusu. Hivyo karibu nusu ya uhai wote uliokuwa ukihema ardhini ulikuwa ukiishi kwa mshahara wa siku zile zile, si kwa akiba ya zamani. Mshahara ulipokatwa, kazi ilisimama.

Jina la Högberg lina uhusiano na upande wetu wa dunia. Kabla ya hapo alifanya utafiti nchini Tanzania, na mwaka 1982 alichapisha matokeo yake kuhusu mikoriza za miti ya nchi hiyo. Miti ya miombo nayo huvaa koti la kuvu mizizini kama misonobari, na huo ndio mwanzo wa uyoga mwingi unaookotwa katika miombo nyakati za mvua na kuuzwa kando ya barabara. Kwa hiyo jambo hili si la Wazungu wala la theluji. Lakini kuvu nyingi huchagua mwenyeji. Iliyozoea mti wa miombo kwa kawaida haiutambui msonobari uliotoka Mexico au visiwa vya Karibi, na kitalu chetu hata hivyo hakikuwa karibu na miombo.

Sasa fumbo la misaipresi laweza kufumbuliwa. Msaipresi hautumii kuvu za koti. Hutumia jamii nyingine kabisa ya kuvu, ambazo haziuvalishi mzizi, bali huingia hadi ndani ya chembe zake na kuishi humo bila kuonekana kwa macho. Kuvu hizo zimo karibu katika kila udongo duniani, kwa sababu huhudumia mahindi, maharage, mihogo, migomba na majani ya kawaida. Hata mierezi na mipodo ya milima yetu, ambayo ni ndugu za mbali za msonobari na huzaa mbegu bila maua kama wenyewe, imo katika kundi hilo. Msaipresi ulipofika kambini ulimkuta mpishi amekwisha kuwasha moto. Msonobari ulifika na sahani mkononi, ukakuta jiko limefungwa.

Na kosa lilikuwa kwamba ulifika kama mbegu. Mbegu ni safi, haibebi kuvu. Katika misitu ya kwao hilo si neno, kwa sababu mbegu huanguka juu ya udongo uliojaa nyuzi za wazazi wake, na upepo huleta vumbi la uyoga kila siku. Ng'ambo ya bahari hakuna nyuzi wala vumbi.

Watu wengi walilipia somo hili kabla yetu. Huko Australia Magharibi, miche ya misonobari katika vitalu vipya ilikuwa ikidumaa na kugeuka manjano, ingawa ardhi ilionekana nzuri. Mwaka 1927 S. L. Kessell, mkuu wa misitu wa huko, alieleza kwamba ulipoletwa udongo kutoka kitalu cha zamani ambacho misonobari yake ilistawi, miche iliponyoka. Kisiwani Puerto Rico majaribio ya kupanda misonobari yalishindwa kwa miaka mingi, hata katikati ya miaka ya 1950 ulipoletwa udongo wa chini ya misonobari ya North Carolina, Marekani. Miche iliyotiwa udongo huo ikageuka kijani na kurefuka. Jirani zake zisizotiwa zikabaki vibeti. Katika Afrika ya Mashariki wataalamu wa misitu walishika desturi hiyo hiyo, na pasipo hiyo isingewezekana kuona misonobari iliyopangwa safu kwa safu huko Sao Hill nchini Tanzania, au hapa kwetu Lendu, Mafuga, na Katugo ambako askari wanaosafiri kwa barabara ya Kampala kwenda Gulu huipita wakiwa juu ya malori.

Yako pia maneno mengine yanayosimuliwa sana miaka hii, kwamba miti huzungumza kwa njia ya kuvu, na kwamba mti mama huwanyonyesha watoto wake chini ya ardhi. Chanzo chake ni utafiti halisi. Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake, huko British Columbia nchini Kanada, walionyesha kwamba kaboni iliyotiwa alama ilitoka katika mti wa aina moja ikaonekana katika mti wa aina nyingine, wote wakiwa na kuvu za pamoja. Hata hivyo mwaka 2023 wataalamu watatu, mmoja wao aliyeshiriki utafiti ule wa mwanzo, waliyapima tena madai yaliyokuja baadaye, wakaona kwamba mengi yametangulia mbele ya ushahidi. Sisi, baada ya ile taarifa ya kurasa mbili, twapendelea upande wa wanaosubiri ushahidi. Kwamba kuvu huulisha msonobari na msonobari huilipa kuvu, hilo halina ubishi.

Turudi kitaluni. Mzee yule alitupeleka kwenye shamba la misonobari iliyokomaa, mwendo wa saa mbili kwa lori. Hakuchukua udongo popote. Alifagia sindano za juu zilizo kavu, akatafuta mahali penye giza na unyevu ambapo uyoga ulikuwa umechipuka, akafukua kina cha kiganja tu, kwa sababu nyuzi nyingi hukaa juu. Udongo ulitoka mweusi, umeshikana, una nyuzi nyeupe na vijizizi vyenye ncha za Y. Tukajaza magunia. Alikataza magunia yasianikwe juani, akataka yafunikwe kwa majani mabichi, maana nyuzi hizo hufa zikikauka. Alikataza pia tusichukue chini ya mti wowote mgonjwa, kwa kuwa udongo hubeba adui pamoja na rafiki.

Siku ya pili yake koplo aliuchanganya udongo ule na wa kwetu, ndoo moja kwa kila ndoo kumi, kwa ajili ya viriba vipya. Kwa miche iliyokuwa hai bado, alitia konzi moja kuzunguka kila shina na kuifukia kwa kijiti. Kuna ofisa aliyeshauri iongezwe mbolea nyingi ya dukani ili mambo yaende haraka. Mzee akakataa, na vitabu vyamuunga mkono: mti ukishibishwa fosforasi na naitrojeni kwa mkono wa mtu, hupunguza kuilipa kuvu, na koti la mizizini huwa dogo. Kisha siku ukihamishiwa shambani, ambako hakuna mtu wa kumwaga mbolea, hujikuta tena hauna mpishi.

Wiki nne za kwanza hatukuona kitu, tukaanza kumtazama mzee kama tulivyokuwa tumemtazama koplo. Wiki ya saba kijani kilianza kutokea, si kote kwa pamoja bali kwa mabaka, hapa viriba sita, pale kumi, na kila juma mabaka yakapanuka kama wino katika karatasi ya kunyonyea. Kufikia mwezi wa nne tulihesabu miche 431 iliyofaa kupandwa. Iliyobaki ilikuwa imekufa kabla ya lori kwenda msituni.

Tuliandika taarifa ya pili, nayo ikapelekwa kwa mkuu wa kikosi. Ya kwanza haikuondolewa, maana karatasi iliyokwisha kuingia jaladani haitolewi. Ya pili ilibandikwa juu yake, na yeyote atakayelifungua jalada lile atazisoma zote mbili zikiwa na sahihi ile ile. Kisha tukashuka kitaluni kumwomba koplo radhi mbele ya wenzake. Alisikiliza akiwa wima, ndoo mkononi, akajibu, "Sawa, afande." Halafu akauliza kama lori lingekwenda tena msituni Ijumaa, kwa kuwa viriba 40 vya safu ya mwisho vilikuwa bado havijapata udongo.